Sauti Mpaka Jumatano

Simu kutoka maabara ilimkuta Kavindu akipepeta ndengu nyuma ya nyumba. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ni mke wa Joseph Masila? Wa Kithimani?"

"Ni mimi."

"Mama, hii nyama ya koo mlileta Jumatatu, ilikuwa ndani ya nini?"

"Ilikuwa ndani ya chupa."

"Hiyo chupa naiona. Nauliza kulikuwa na nini ndani. Dawa ama maji?"

Kavindu alimtazama kuku aliyekuwa akidonoa ndengu zilizomwagika. Hakumfukuza.

"Ni vile tulipewa," akasema.

"Basi imeharibika. Haisomeki. Mwambie daktari wenu atoe nyingine." Kisha yule mwanamke wa maabara, akidhani amekwisha kukata simu, akamwambia mwenzake, "Watu wa ushago, wa huko mashambani. Unawapa kitu kimoja tu wabebe."

Upande wa pili wa turubai la ndengu, Masila alikuwa ameacha kupiga maganda kwa fimbo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, amevaa skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu daktari wa Machakos amwamuru asitoe hata neno moja, ili nyuzi za sauti zipumzike. Alivuta daftari lililokuwa mfukoni mwa koti, akaandika kwa herufi kubwa, akamwonyesha mkewe: WAMESEMA NINI?

Kavindu alisoma huku midomo ikicheza. Kusoma alifundishwa ukubwani, katika darasa la ngumbaru la jioni, na tangu mume wake anyamaze amekuwa akisoma kuliko siku zote za maisha yake.

"Wanasema imeharibika. Utatolewa nyingine."

NANI AMEHARIBU?

"Hawakusema."

Akaokota ungo. Ndengu zikaruka, zikaanguka, vumbi likaenda na upepo.

Masila alikuwa katekista kwa miaka ishirini na sita katika kanisa dogo ambako padri hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote yeye ndiye aliyesoma, aliyehubiri, aliyeanzisha nyimbo na kuwazika wafu. Hata nyumbani alizungumza kama yuko madhabahuni. Aliomba chumvi kama mtu anayetangaza ndoa. Wakati fulani Kavindu alichoka na sauti hiyo, akaenda kuchota maji ilhali mtungi umejaa. Sasa angeweza kutembea mpaka Kithyoko kwa miguu kama huko kungekuwa na mtu wa kumrudishia sauti hiyo.

Daktari huyo wa Machakos, Wathome, mwanamke mtulivu wa makamo, alikuwa amewaeleza mambo waziwazi. Kwenye uzi wa sauti wa kushoto kulikuwa na doa jeupe. Ikiwa ugonjwa ungali juu juu, Masila angetibiwa kwa miale, sauti ingerudi, labda na mikwaruzo kidogo. Ikiwa umeshuka chini ya utando na kuingia ndani, hayo yangekuwa maneno mengine. Macho hayangeweza kujua. Ni kile kipande cha nyama kilichokatwa kooni tu ambacho kingesema.

*

Ijumaa ile kipande cha kwanza kilipotolewa, kwenye dirisha la pili la hospitali, kijana aitwaye Ndunda ndiye aliyemkabidhi Kavindu chupa. Alimwambia aipeleke maabara Nairobi siku hiyo hiyo, asiilaze, asiifungue. Kavindu aliitia katika mkoba, katikati ya kitabu cha nyimbo na leso, akaufunga mkoba vizuri, akaukumbatia.

Alipofika Mlolongo macho yalianza kumwasha. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na leso imekunywa karibu dawa yote. Maabara aliikuta imefungwa mpaka Jumatatu. Akaenda Syokimau kwa Mwelu, mtoto wao wa pekee, aliyefanya kazi ya ofisi huko na kupanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Jikoni kwa Mwelu aliinua chupa kwenye mwanga. Kipande cha nyama, kidogo kama punje ya mchele, kilikuwa kimegandamana na ukuta wa chupa, juu, peke yake, nje ya dawa iliyobaki.

Hapo Kavindu hakufikiria dawa. Alifikiria kwamba huyo ni Masila, na kwamba atakauka. Katika mkoba huo alikuwa na kichupa cha maji ya baraka ya mkesha wa Pasaka, ambacho hakikosi safarini. Alifungua chupa ya hospitali, akaijaza mpaka shingoni, akapiga ishara ya msalaba, akaifunga kwa nguvu zake zote. Wikendi nzima chupa ikakaa ndani ya friji ya Mwelu, kando ya maziwa.

Jioni ya siku ile ya simu ya maabara, Mwelu naye alimpigia mama yake. Kama kawaida aliwaita wazazi wake kwa Kikamba, Mwaitu na Nau, mama na baba.

"Mwaitu, Nau amenitumia meseji. Anasema wameharibu. Ni yale maji uliyoniambia uliongeza, sivyo?"

"Nilidhani itakauka."

"Si ungeniuliza? Nilikuwa hapo sebuleni!"

"Ulikuwa ukiongea na wakubwa wako kwa kompyuta. Sikutaka kukuaibisha."

Mwelu alivuta pumzi ndefu. "Mwambie Nau."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata vile nitasema."

"Mwaitu, usipomwambia atatafuta mtu wa kumlaumu. Unamjua."

Usiku huo na mingine mingi Kavindu alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba Mungu amponye mume wake. Kisha, harakaharaka, kama mtu anayeomba aongezwe mboga, aliomba na sauti pia. Ya makosa yake aliyaacha mpaka mwisho, na alipofika mwisho usingizi ulikuwa umemshika.

*

Zamu ya kutolewa kipande cha pili ilikuwa ndefu. Kitanda cha upasuaji kilikuwa na watu wengi mbele yao, mara mbili tarehe ikaahirishwa, na gunia la ndengu likauzwa ili kulipia kipimo upya. Hospitalini walimweleza Masila kwamba maabara walikuta maji kwenye chupa badala ya dawa, naye akaulizia jina la aliyeikabidhi.

Katika wiki hizo Titus, mwenye duka la vifaa vya shamba, ndiye aliyeongoza ibada. Alisoma mbio, kana kwamba kuna mtu anamsubiri nje. Masila alikaa benchi la mbele, mikono magotini. Watu walipoimba midomo yake ilifunguka na kufungwa, bila chochote kutoka. Kavindu, upande wa akina mama, alifumba macho na kujaribu kuitafuta sauti yake katikati ya zile nyingine, kama anayepapasa sindano kwenye mkeka. Hakuipata. Siku moja aligundua kwamba hata katika kumbukumbu imeanza kumponyoka. Maneno aliyakumbuka. Mlio wake ulikuwa unafifia.

Jumapili moja baada ya ibada, Masila aliwaalika watu wa jumuiya ya kanisa nyumbani. Kavindu alipika chai akidhani ni maombi. Watu walipokwisha kunywa, Masila alitoa karatasi mfukoni na kumpa Mama Ann, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene aliyependa kusoma mbele za watu.

"'Kwa mkuu wa hospitali,'" Mama Ann akaanza. "'Sisi waumini wa Kithimani tunasikitishwa na uzembe wa mfanyakazi wako wa dirisha la pili, aitwaye Ndunda, aliyempa mke wa katekista chupa yenye maji badala ya dawa. Kwa sababu yake mtumishi wa Mungu amekaa bila matibabu na bila sauti. Tunaomba achukuliwe hatua.'"

"Hatua gani?" akauliza Musyoka, jirani yao. "Andika afutwe kazi. Ukisema hatua atapewa chai tu arudi dirishani."

"Hawa vijana ni simu tu," akasema mwingine. "Jicho liko kwa simu, mkono uko kwa chupa."

"Anayetaka kutia sahihi asogee," Mama Ann akasema. "Aanze Kavindu. Yeye ndiye shahidi, chupa alipewa yeye mkononi."

Kavindu alisimama na birika mkononi. Alimtazama Masila, na Masila akamtazama kwa macho ambayo hakuwa ameyaona kwa wiki nyingi, macho ya mtu aliyepata kazi ya kufanya. Akaweka birika chini. Akashika kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine.

"Tazameni mwandiko!" Mama Ann akasema. "Si huyu ndiye alikuwa akiweka kidole gumba? Ngumbaru imetusaidia!"

Wakampigia makofi. Masila naye alipiga, polepole, akitabasamu. Wakatia sahihi watu kumi na wanne.

Kavindu akaenda jikoni, akasimama kando ya meko mpaka moshi ukampa sababu ya kufuta macho.

*

Siku ya majibu ilikuwa Ijumaa. Wiki kumi na moja zilikuwa zimepita tangu kipande cha kwanza. Masila alivaa suti yake ya Krismasi na kuitia ile barua mfuko wa ndani.

Daktari Wathome alifunga mlango mwenyewe. Alikuwa na karatasi ya maabara, na picha ya skana ikining'inia kwenye mwanga ukutani.

"Mzee, Mama, nitawaeleza polepole. Mkitaka nirudie, nitarudia." Akachora kwenye karatasi visanduku vingi vilivyobanana, na chini yake mstari. "Hizi ni seli za koo. Katika mtu mwenye afya zinashikana kama watu wa maandamano ya Jumapili ya Matawi, bega kwa bega. Kinachozishikanisha ni protini, kama gundi. Maabara wanaitia rangi ili waione. Ikiwepo, kila seli inazungukwa na kahawia."

Akaweka kidole juu ya visanduku vya juu. "Hapa juu bado gundi iko. Hapa katikati inafifia. Huku chini," kidole kikashuka, "hakuna. Seli zimeachana mikono. Na zikiachana, kila moja inakwenda inakotaka. Zinatoa kitu kingine cha kuyeyusha, zinautoboa huu utando, zinapita." Akapitisha kalamu kwenye mstari. "Zimepita, Mzee. Skana inaonyesha zimefika kwenye gegedu, mfupa laini wa koo, na uzi wa kushoto hauchezi tena. Miale pekee haitatosha. Itabidi tutoe kikoromeo chote."

Masila aliandika neno moja. SAUTI?

"Itakwenda nacho," akasema daktari. "Utapumua kupitia tundu hapa shingoni. Kuna njia za kujifunza kuongea tena, kuna vifaa, tutakufundisha. Lakini sitakudanganya. Haitakuwa hii sauti yako."

Nje, muuguzi aliita jina la mtu mwingine.

Masila akatia mkono mfukoni, akatoa barua, akaikunjua vizuri, akaisukuma mbele ya daktari. Daktari aliisoma mpaka mwisho, na zile sahihi akazipitia moja moja.

"Hili ni shtaka kubwa. Siwezi kulificha. Ndunda yuko kazini leo, itabidi nimwite ajibu mbele yenu." Akanyoosha mkono kuchukua simu ya mezani.

"Usimwite," Kavindu akasema.

Mkono wa daktari ukabaki juu ya simu.

"Alinipa dawa. Chupa ilikuwa na dawa, na aliniambia nisiifungue. Ilimwagika kwa mkoba, mimi nikaifungua nikaongeza maji." Alikuwa akizungumza na meza. "Nilidhani itakauka."

"Maji gani, Mama?"

"Ya baraka."

Daktari Wathome aliondoa mkono wake kwenye simu. Hakucheka, na Kavindu angependa acheke, ili apate mahali pa kuficha uso.

"Kama ile ya kwanza ingesomeka," Kavindu akauliza, "angebaki na sauti?"

"Sijui. Huenda zilikuwa zimepita hata siku ile. Huenda hazikuwa zimepita. Siwezi kukuapia lolote, na anayekuapia asikudanganye." Akakunja barua, akaisogeza upande wa Masila. "Upasuaji ni Jumatano. Na Mzee, ile amri ya kunyamaza nimeiondoa. Kuanzia sasa ongea utakavyo, hakuna tena tunachookoa kwa kunyamaza."

Masila alichukua barua. Alichukua na penseli, akaisogeza kwenye daftari, kisha akairudisha mfukoni bila kuandika.

*

Hakuongea njiani, wala nyumbani.

Jumamosi asubuhi watu wa jumuiya walikuja, habari ya kuondolewa kwa amri imewafikia. "Katekista, tusemee hata neno moja!" Mama Ann akamwomba. Masila aliwashika mikono wote. Kisha alimwonyesha Mama Ann ile barua, akaichana vipande vinne mbele yake, akaingia ndani. Ikabidi Kavindu aeleze mwenyewe, pale uani, amesimama.

Mama Ann aliinama, akaokota kipande kimoja cha barua. "Na sisi tulitia sahihi," akasema. "Mbele ya Mungu, Kavindu. Na chai yako tukiinywa."

Jumapili Titus alimwachia Masila kitabu cha ibada kwenye meza ya mbele. Watu wote waligeuka kumtazama. Masila hakuinuka. Titus alingoja, akakohoa, akasoma mwenyewe, na siku hiyo alisoma polepole.

Jumatatu Mwelu alifika kutoka Syokimau, na mfuko wa machungwa na simu yenye chaji tele.

"Nau, sema kitu nirekodi. Chochote. Hesabu tu moja mpaka kumi."

Masila alimshika shavu, akatikisa kichwa.

"Amekasirika," Mwelu akamwambia mama yake jikoni.

"Ningejua amekasirika ningeshukuru," Kavindu akasema. "Sijui ako wapi."

Kwa kweli Masila hakuwa na hasira tu. Aliogopa. Kwa zaidi ya miezi mitatu alikuwa akiitunza ile sauti kama mbegu, na sasa alipoambiwa aitumie yote kwa siku tano, hakuna neno aliloliona linatosha kuwa la kwanza. Kila alilofikiria, sala au kwaheri, lilikuwa dogo mno au kubwa mno. Hilo hakumwambia mtu, na Kavindu aliona mgongo wake tu. Usiku wa Jumatatu aliomba, na safari hii alianza na makosa yake, akiwa macho kabisa. Alipofika kwenye sauti hakuweza kuomba. Alilia mdomo wake ukiwa kwenye blanketi.

Jumanne mchana Kavindu alikuwa akipanga nguo za hospitali juu ya meza: kanga ya kujifunika, sabuni, kikombe, soksi. Mwisho akakiweka kile kichupa cha maji ya baraka, bila kufikiri, kama alivyofanya kabla ya kila safari.

"Kavindu!"

Alidhani ni Musyoka anaita kutoka barabarani. Ilikuwa sauti nzito, imepasuka katikati kama gogo, na hewa nyingi ikipita kando. Akageuka. Masila alikuwa mlangoni, kidole kimenyooka kuelekea meza.

"Tena? Unakiweka tena? Hicho kichupa, Kavindu, unataka kikamalizie wapi? Kwa tundu la shingo?"

Kavindu alishika ukingo wa meza.

"Kijana wa watu," Masila akaendelea, "ametafutiwa kufukuzwa kazi! Watu kumi na wanne! Na wewe umesimama hapo na birika, unaandika jina zuri, na mimi napiga makofi. Mimi! Napiga makofi kama mjinga!" Akakohoa, akainama, akainuka. "Ungeniambia siku hiyo hiyo. Ningekupigia kelele... hapana, singeweza. Ningeandika. Ningejaza daftari lote!"

"Ndiyo," Kavindu akasema.

"Usiniambie ndiyo! Maji ya baraka ni ya kubariki. Kila kitu na mahali pake. Nimefundisha hilo miaka ishirini na sita, mke wangu akiwa amekaa benchi la pili!"

Mwelu alikuwa ametokea nyuma ya baba yake, simu mkononi, hajui kama aiwashe au akimbie. Kavindu, bila kumwondolea Masila macho, alimpungia kwa vidole: washa, washa.

Masila alisema. Alisema juu ya maabara na juu ya kifuniko kile kilicholegea mkobani. Alisema juu ya ndengu zilizouzwa bei ya hasara kwa dalali wa Matuu. Alirudi kwenye kwaresima moja ya zamani ambapo Kavindu alimpa mgeni koti lake bila kumwuliza. Sauti ilikwaruza, ikapotea, akaisaka, ikarudi. Kavindu aliipokea yote uso ukiwa wazi. Sufuria iliungua jikoni na hakuna aliyekwenda.

Kisha maneno yakaanza kuachana nafasi. Masila alijishika shingo, akaegemea mlango. Hasira ilikuwa imemtoka, na uso wake ulionyesha kwamba yuko karibu kunyamaza, na kwamba akinyamaza sasa huenda asianze tena.

"Na ile redio," Kavindu akasema haraka.

Masila aliinua kichwa. "Redio gani?"

"Ile yako ya betri nne. Haikuibwa. Niliiuza."

"Uliuza redio yangu?"

"Niliiuza."

Masila alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa na mkewe, magoti yao yakakaribia kugusana. Kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na kitu ambacho si hasira tena.

"Kwa nani?" akauliza.

Kavindu naye akakaa. Alianza kumweleza kidogo kidogo, akiruka mambo ya maana, ili Masila alazimike kuuliza.